Nipe Mji: Gemu za Mafumbo, Vitendawili vya Pwani na Imani Iliyokwama

Wazazi wengi katika sharika za mwambao huu, kuanzia Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini, hutuuliza sisi wachungaji swali moja kuhusu gemu: je, ni dhambi? Tukiwasikiliza vizuri tunagundua kwamba mara nyingi wanauliza juu ya muda na fedha. Kijana ameshinda kwenye kibanda cha gemu na somo la Kipaimara limempita. Bando la mama limeisha kabla jua halijazama. Hayo ni mambo ya malezi, na yamesemwa sana. Katika makala hii tunapenda kuuliza swali jingine, ambalo kwa maoni yetu linagusa imani kwa karibu zaidi: gemu zinamfundisha nini mtu kuhusu kukwama?

Kukwama tunakujua. Mgonjwa aliyeombewa na wazee wa kanisa, akapelekwa hospitali, akarudi vilevile, amekwama. Binti aliyemaliza chuo na kutuma maombi ya kazi kwa miaka mitatu amekwama. Wazazi waliomzika mtoto wao, ambao bado wanakuja ibadani kila Jumapili lakini wimbo hauwatoki kinywani, wamekwama kuliko wote. Kila mmoja wao amesimama mbele ya mlango usiofunguka, na kila mmoja anasikia sauti nyingi zikimwambia ufunguo ulipo. Namna mtu alivyozoea kukaa mbele ya mlango wa namna hiyo, hata katika jambo dogo kama mchezo, inastahili kutazamwa na kanisa.

Mlango usiofunguka

Tuseme kwanza ni gemu zipi tunazozizungumzia. Katika vibanda vingi vya hapa kwetu mchezo unaotawala ni mpira wa miguu, na huo una utaratibu wa uwanjani: ukifungwa, unaanza mechi nyingine. Zipo gemu za aina tofauti, zinazochezwa zaidi kwenye simu na kompyuta, zenye hadithi ya safari na mafumbo. Mchezaji huwekwa mahali pageni, labda kisiwani au ndani ya jumba kuukuu. Anatazama huku na huku, anaokota vitu, anasema na watu, anasoma barua zilizoachwa mezani. Ili asonge mbele lazima afumbue fumbo. Asipolipata jibu, hadithi husimama. Hapigwi wala hafungwi mabao. Anabaki palepale, akizunguka vyumba vilevile, akijaribu kila kitu alichonacho juu ya kila kitu anachokiona.

Mchezo wa kwanza wa jamii hii uliandikwa Marekani katikati ya miaka ya 1970 na Will Crowther, mwandishi wa programu za kompyuta aliyependa kuingia mapangoni. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, naye akatengeneza mchezo wa kutembea pangoni ambao binti zake wangeweza kuucheza. Aliujenga juu ya ramani ya sehemu ya pango kubwa la Mammoth lililoko Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliuongezea mengi. Haukuwa na picha hata moja. Yalikuwa maandishi matupu, na mchezaji alijibu kwa kuandika neno moja au mawili. Ni vema kulikumbuka chimbuko hilo tunapotaka kuzihukumu gemu hizi: mwanzoni alikuwapo baba aliyetafuta kitu cha kuwafurahisha watoto wake.

Waliofuata waliongeza picha na sauti. Mwaka 1984 Roberta Williams alitoa King's Quest, hadithi ya mtu anayezunguka ufalme akitafuta hazina tatu. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, watoto wa mhubiri, walitoa Myst. Humo mchezaji hujikuta kisiwani peke yake bila maelezo yoyote. Ndani ya boksi la mchezo huo kulikuwa na daftari lisiloandikwa kitu, ili mchezaji aandike mwenyewe anayoyaona. Mamilioni ya watu waliununua. Wengi wao walikwama, na wengi wa waliokwama waliuacha hapo hapo.

Fumbo la haki na fumbo la hila

Mhakiki wa mafumbo anapaswa kuanza na swali hili: mtu akiisha kuambiwa jibu, anasema nini? Kuna fumbo ambalo ukiambiwa jibu lake unasema, "Kumbe!" Dalili zote zilikuwa mbele yako, ulikosa kuziunganisha tu. Hilo ni fumbo la haki. Na kuna fumbo ambalo ukiambiwa jibu unasema, "Sasa hapo ningejuaje?" Hilo ni fumbo la hila, hata kama aliyelitunga hakukusudia ubaya.

Tuchukue mifano mitatu inayojulikana sana kwa wachezaji. Katika King's Quest ile ya mwaka 1984, mchezaji hukutana na kibwengo na kutakiwa kulitaja jina lake. Kuna kikaratasi kinachomshauri afikiri kwa kurudi nyuma. Jibu limetokana na Rumpelstiltskin, kibwengo wa hadithi za Kijerumani. Lakini kuliandika jina hilo kuanzia mwisho hakutoshi. Lazima kila herufi ibadilishwe na ile iliyo mahali pake katika alfabeti iliyogeuzwa, A iwe Z, B iwe Y, na kuendelea hivyo. Mtoto wa Bagamoyo aliyelelewa kwa hadithi za Abunuwasi na Sungura anakwama mara mbili hapo: hadithi si yake, na alfabeti haikuonywa kwamba itageuzwa.

Mfano wa pili ni Monkey Island 2 ya mwaka 1991. Mchezaji anatakiwa kufunga bomba la maji lililo kwenye maporomoko, na hana spana. Jibu ni kumchukua nyani anayepiga piano, aliyepumbazwa kwa ndizi, na kumtumia kama spana. Mantiki yote imekaa katika jina ambalo Wamarekani huliita aina fulani ya spana, jina lenye neno la nyani ndani yake. Hata Mwingereza, mwenye Kiingereza chake cha kuzaliwa, hakulizoea jina hilo. Fundi wetu wa pale stendi ya Bagamoyo anaweza kuwa na spana za kila namba na bado asilipate jibu hata akikaa mwaka mzima.

Wa tatu ni Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999. Ili akodi pikipiki, mhusika lazima ajifanye mtu mwingine. Anakusanya manyoya ya paka kwa utepe wa gundi, anayabandika juu ya mdomo kwa sharubati nzito ya sukari ili yawe masharubu ya bandia, na kwa kuwa yule anayemwiga hana masharubu hata kidogo, anamchorea masharubu kwenye picha ya pasipoti. Hapa kwetu pikipiki hukodiwa kwa kuinua mkono. Fumbo hilo limebaki kuwa mfano wa kuchekesha wa mtungaji aliyejisikiliza mwenyewe akamsahau msikilizaji.

Wenyewe walio kazini waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1989 Ron Gilbert, ambaye baadaye aliongoza utengenezaji wa Monkey Island, aliandika makala kali dhidi ya gemu za mafumbo za wakati wake. Alisema, kwa ufupi, kwamba mchezaji asiadhibiwe kwa sababu hakuokota kitu ambacho hakuwa na njia ya kujua kitahitajika, na asipewe ufunguo kabla hajauona mlango. Kwamba miaka miwili baadaye mchezo wake mwenyewe ukawa na fumbo la nyani na spana ni somo kwa kila anayefundisha wengine: ni rahisi kuijua kanuni kuliko kukaa katika kiti cha yule asiyejua unachokijua.

Sisi tulio mimbarani tulisikie hilo. Mahubiri yanayodai msharika ajue lugha ya chuo cha theolojia ndipo aielewe Injili yamemtegea fumbo la spana. Wazee waliotunga vitendawili vyetu hawakufanya hivyo. Walisema nyumba yangu haina mlango, na kila mtoto aliyeketi pale alikuwa amekwisha kushika yai. Walisema kuku wangu katagia miibani, na nanasi lilikuwa shambani nyuma ya nyumba. Kilichofichwa kilikuwa ni kitu ambacho wote walikuwa nacho. Ndivyo Bwana wetu alivyotunga mifano yake: mbegu, chachu, wavu, taa, sarafu iliyopotea. Hakuna mtu Galilaya aliyehitaji kusafiri ili akione kitu kilichosemwa.

Desturi ya kutoa mji

Lakini hata kitendawili cha haki humshinda mtu. Hapo ndipo desturi yetu ina jambo ambalo watengenezaji wa gemu walichelewa kulipata. Mtegaji anasema, "Kitendawili!" Wanamjibu, "Tega!" Anatega. Wanajaribu mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Wakishindwa, mtegaji anadai, "Nipeni mji." Wanampa: Mombasa, Tanga, Dodoma. Anaweza kuukataa mji mdogo na kudai mkubwa. Akiridhika, anaanza safari yake: amekwenda katika mji ule, wenyeji wamempokea, amekula, amekunywa, amekaa kama mfalme. Kisha anawafumbulia jibu, na wote wanalisikia.

Tuangalie desturi hii ina nini ndani yake. Kwanza, kushindwa kumepewa maneno yake. Mtoto anayetoa mji hajavunja mchezo. Ametekeleza sehemu ya mchezo iliyowekwa kwa ajili yake. Pili, kushindwa kuna gharama, japo ni ya mdomo. Hupati jibu mpaka umeachia kitu, na kitu chenyewe ni kikubwa: mji mzima na watu wake. Tatu, mtegaji akiisha kuupokea mji amefungwa. Lazima atoe jibu, tena mbele ya wote. Nne, hakuna anayeondoka. Aliyeshindwa sasa hivi anaweza kutega kinachofuata.

Gemu nyingi za mwanzo hazikuwa na kitu cha aina hii. Baadaye kampuni ya Infocom ikauza vitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Mchezaji alipaka kalamu maalumu juu ya mstari mmoja, kikajitokeza kidokezo kidogo. Kikimshinda, alipaka mstari wa pili, mpaka jibu kamili. Kampuni nyingine zilifungua namba za simu za kulipia. Hizo zilikuwa njia za kutoa mji, na zile za wino zilikuwa nzuri, maana zilimheshimu mtu anayetaka kusaidiwa kidogo tu. Leo jibu la kila fumbo lipo kwenye intaneti, na video inaonyesha mkono wa mtu mwingine ukifungua mlango. Tusiwadharau wanaozitengeneza, wengi hufanya hivyo bila malipo kwa ajili ya watu wasiowajua, na mbele ya fumbo la hila video hiyo ndiyo kimbilio pekee. Hata hivyo kuna kilichopotea. Mchezaji hajamwambia mtu yeyote kwamba amekwama. Hajatoa kitu. Amepata jibu pasipo mtegaji, na kesho akikwama tena atafanya vilevile, haraka zaidi.

Kati ya miji tunayoweza kuitoa, huu wetu una jina ambalo lenyewe ni fumbo. Wapo wanaosema Bagamoyo ni mahali pa kubwaga moyo kwa maana ya kutua: mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kutoka Tabora au Ujiji alipoiona bahari aliweka mzigo chini, na moyo wake ukatulia. Wapo wanaosema ni mahali pa kukata tamaa: mtu aliyeletwa kwa minyororo alipoiona bahari ileile alijua kwamba nyumbani hatarudi tena, akauacha moyo wake hapa. Jina ni moja, ufuo ni mmoja, na majibu ni mawili. Ndivyo ulivyo pia mwisho wa nguvu za mtu. Anayesema "nimeshindwa" anaweza kuwa amemkabidhi mwingine mzigo wake, na anaweza kuwa ameacha kutumaini. Maneno ni yaleyale. Linalotofautisha ni kama kuna anayeupokea moyo uliobwagwa.

Samsoni, Sulemani na mtawa wa Wittenberg

Maandiko yana mtegaji mmoja anayefahamika sana, naye ni Samsoni. Katika Waamuzi 14 anawategea wageni wa harusi yake kitendawili kuhusu simba aliyemwua na asali aliyoikuta ndani ya mzoga. Zawadi ni mavazi, thelathini ya kitani na thelathini ya kubadili, na muda ni siku saba za karamu. Kwa kipimo chetu hicho ni kitendawili cha hila. Samsoni hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za simba, hata baba na mama yake. Hapakuwa na dalili iliyo wazi kwa wote. Tena hapakuwa na mji: atakayeshindwa atalipa mali halisi. Tunajua yaliyofuata. Wageni walimtisha mkewe kwamba watamteketeza yeye na nyumba ya babaye. Akalia mbele ya mumewe hata akaambiwa. Samsoni akalipa deni kwa mavazi ya watu thelathini aliowaua Ashkeloni. Hata yule mwanamke mwishowe aliteketezwa. Biblia inatuonyesha kwamba fumbo lisilo na njia ya haki ya kushindwa huzaa hila, na hila huzaa damu.

Wa pili ni Sulemani, mteguaji mkuu. Malkia wa Sheba alimjia na maswali magumu, naye akayajibu yote. Kwetu kuna methali isemayo fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, na Sulemani ndiye mwerevu mwenyewe. Lakini 1 Wafalme inaendelea. Sura ya 10 inasimulia hekima yake, na sura ya 11 inasimulia jinsi moyo wake ulivyogeuzwa uifuate miungu mingine. Mtu asiyekwama kwenye swali lolote alipotea. Ndiyo maana tunaipokea methali ile kwa tahadhari, tukikumbuka kwamba Bwana alimshukuru Baba kwa kuwaficha wenye akili mambo ambayo aliwafunulia watoto wachanga.

Wa tatu yuko nje ya Biblia lakini karibu nasi Walutheri. Martin Luther, katika dibaji aliyoiandika mwaka 1545 kwa ajili ya maandishi yake ya Kilatini, anasimulia alivyokwama kwenye Warumi 1:17. Neno "haki ya Mungu" lilimtesa, maana alifundishwa kulielewa kama haki ambayo kwayo Mungu huadhibu. Alilichukia neno hilo. Hata hivyo hakuondoka mlangoni. Aliendelea kumgongea Paulo mchana na usiku, mpaka akayatazama maneno yanayofuata katika mstari uleule, kuhusu mwenye haki kuishi kwa imani. Hapo akaona kwamba ni haki ambayo Mungu humpa mtu bure. Dalili ilikuwa katika chumba kilekile muda wote. Hilo lilikuwa fumbo la haki, na Kanisa letu limezaliwa katika "kumbe!" ile.

Basi kuna kukwama ambako dawa yake ni kubaki. Asomaye Neno mara moja na kulifunga, kisha akaenda kutafuta maelezo kwenye simu, hajampa Paulo nafasi ya kufungua. Wanafunzi katika Marko 4 hawakuuelewa mfano wa mpanzi kuliko umati ulivyouelewa. Walichofanya ni kubaki pamoja na Yesu na kumwuliza walipokuwa faragha, na ndipo walipofumbuliwa.

Ayubu anatoa mji

Hata hivyo tusiufanye mfano wetu ubebe zaidi ya uwezo wake. Si kila mlango maishani ni Warumi 1:17. Ipo milango ambayo mtu hugonga mpaka anazeeka.

Ayubu ndiye aliyekwama kuliko wote katika Maandiko. Rafiki zake, Elifazi, Bildadi na Sofari, walianza vizuri: walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Kisha wakafungua vinywa, na kila mmoja akaleta jibu lililokwisha kutengenezwa. Umetenda dhambi, tubu, na mlango utafunguka. Walikuwa kama mtu anayekusomea maelekezo ya gemu nyingine: kila hatua imeandikwa vizuri, na hakuna hata moja inayolingana na chumba ulichomo. Mwisho Mungu aliwakasirikia wao, akamtetea Ayubu aliyelia na kuuliza.

Mungu alipojibu kutoka katika upepo wa kisulisuli, hakueleza kilichotokea. Alitega vitendawili. Nani aliifungia bahari kwa milango? Nani ajuaye mbuzi wa mwituni huzaa lini? Sura nzima za maswali. Na Ayubu akatoa mji: akaweka mkono wake kinywani, akakiri kwamba amesema mambo yaliyomzidi.

Hapa ndipo kanuni ya baraza la vitendawili inapovunjika, na inatupasa tuseme hivyo waziwazi. Mtegaji wa kwetu akiisha kupewa mji hana budi kufumbua. Mungu aliupokea mji wa Ayubu, lakini habari za mashtaka yaliyofanyika mbinguni Ayubu hakuambiwa kamwe. Msomaji anazijua, Ayubu hakuzijua. Alichopewa ni kwamba Mungu mwenyewe alikuja na kusema naye, na Ayubu anasema kwamba sasa macho yake yamemwona yule ambaye zamani alimsikia tu. Kwa mtu aliyemaliza chuo cha theolojia na kwa bibi anayeuza samaki pale sokoni, jambo hili ni gumu sawasawa. Tuliomba jibu, alikuja mwenye jibu, na jibu lenyewe akalizuia.

Luther alilijua hili pia. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 kuhusu utumwa wa nia anasema kuna nuru tatu: ya maumbile, ya neema na ya utukufu. Kwa nuru ya maumbile haielezeki kwa nini mwema huteseka na mwovu hustawi. Nuru ya neema hutuonyesha kwamba maisha haya si yote. Lakini hata kwa nuru ya neema bado yapo maswali juu ya hukumu ya Mungu yasiyofumbulika, na hayo yanangoja nuru ya utukufu. Paulo naye, katika 1 Wakorintho 13, anakubali kwamba sasa hivi tunaona kwa jinsi ya fumbo, na watafsiri wa Biblia yetu walilichagua neno lilelile la wazee wetu. Mwenye imani hajatoka nje ya fumbo. Anaishi ndani yake pamoja na yule aliyelijua fumbo kutoka ndani, ambaye msalabani aliuliza "kwa nini" na siku ile hakujibiwa kwa neno.

Yapasayo sharika zetu

Tunasisitiza hili kwa sababu kukwama kuna soko. Mwaka 2011 maelfu ya Watanzania na majirani walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichotolewa na mchungaji mstaafu wa Kanisa letu wenyewe. Februari 2020 huko Moshi watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Hatuwacheki hao. Walikuwa wagonjwa, wenye madeni, akina mama wenye watoto. Walisikia kwamba kuna njia ya mkato, wakaikimbilia. Swali linaturudia sisi: walipokuwa wamekwama, je, katika usharika palikuwa na mahali pa kusema hivyo, bila kupewa hotuba ya Elifazi?

Tunapendekeza mambo matatu madogo. La kwanza ni kwa wazazi. Mtoto akikwama kwenye gemu na kuinuka na hasira, kabla ya kumnyang'anya simu muulize, "Umekwama wapi? Hebu nionyeshe." Kaa naye dakika kumi. Litazameni fumbo pamoja, mlipime kama ni la haki au la hila. Likiwa la haki, mtie moyo abaki. Likiwa la hila, mruhusu atafute jibu bila aibu. Atakuwa amejifunza kutofautisha hayo mawili, na atalihitaji somo hilo atakapokuwa mtu mzima. Na jioni umeme ukikatika, mtegeeni vitendawili, ajue kutoa mji kabla hajalazimika kuutoa kwa jambo zito.

La pili ni kwa jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba. Katika maombi yetu hushuhudia waliofunguliwa milango, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Tuweke pia nafasi ya mtu kusema, "Ndugu zangu, hapa nimekwama," na kikundi kikae naye kama rafiki wa Ayubu walivyokaa siku zile saba za mwanzo. Anayesema hivyo katikati ya ndugu amekwisha kutoa mji. Asiachwe ameubwaga moyo wake mchangani. Waliopo waupokee kwa niaba ya Kristo, wauchukue mpaka atakapoweza kuubeba tena.

La tatu ni kwetu sisi wachungaji na wainjilisti. Msibani mtu akituuliza kwa nini, tumjibu tunachokijua: kwamba Kristo amekufa na kufufuka, na kwamba marehemu yumo mikononi mwake. Tusiyoyajua tumwambie hatuyajui, kisha tubaki pale mkekani mpaka kahawa iishe na wageni waondoke.